Kuponya Moyo Katika Nchi ya Milima na Msitu

Kiwewe ni jeraha linalobaki akilini na mwilini mwa mtu aliyenusurika katika tukio lililotishia uhai wake au wa watu wake, nalo hujionyesha kwa usingizi unaokatika usiku wa manane, kumbukumbu zinazovamia bila kuitwa, moyo unaoruka kwa mlio mdogo tu, na ukimya wa mtu ambaye zamani alikuwa msemaji. Mjini Bunia, makao makuu ya Jimbo la Ituri, hilo si jambo la familia chache, kwa kuwa vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliacha watoto ambao leo ni wazazi, na machafuko yaliyoanza upya katika eneo la Djugu mwezi wa Desemba 2017 yamewasukuma wengi wa rika hilo, pamoja na watoto wao, kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kama ile ya Kigonze. Madaktari wa akili ni wachache mno kwa mahitaji hayo, na kwa hiyo swali la kama miti, maji na udongo vinaweza kuutuliza moyo linastahili kuchukuliwa kwa uzito, wala si anasa ya watalii.

Ushahidi kwamba vinasaidia upo. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, ambapo waliolala penye dirisha linalotazama miti walirudi nyumbani mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Marekani, walieleza kwamba umakini unaotumika kuhesabu fedha, kuvuka barabara au kujihami huchoka, ilhali majani yanayopepea na maji yanayotiririka huushika kwa upole bila kuulazimisha, nao hupata kupumzika. Nchini Uingereza, utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha watu karibu 20,000 uliona kuwa wanaotumia dakika 120 au zaidi kwa wiki katika mazingira ya asili huelekea kuwa na afya na utulivu kuliko wasiokwenda kabisa, ingawa uhusiano huo peke yake hauthibitishi kipi kimesababisha kipi.

Tafiti hizo, hata hivyo, zilifanywa mahali ambapo kichaka hakimfichi muuaji, na kwa sababu hiyo ushauri wake hauwezi kuletwa Ituri kama ulivyo. Wengi wa waliofika Bunia walilala porini wakikimbia, na wapo wanawake walioshambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au kuvuna mihogo katika mashamba waliyoyaacha. Kumwambia mtu wa namna hiyo akatembee milimani ili apate nafuu ni kumrudisha penye jeraha, kwani kuepuka mahali panapofanana na pale pa tukio ni mojawapo ya dalili kuu za kiwewe, na mara nyingi pia ni busara ya kawaida, maana hatari yenyewe haijaisha. Maumbile humtuliza mtu anayejihisi salama ndani yake. Usalama ukikosekana, ukimya ule ule wa msitu humzidishia hofu.

Upande wa magharibi wa jimbo, katika eneo la Mambasa, wapo watu ambao kwao msitu na usalama vimekuwa kitu kimoja tangu zamani. Colin Turnbull, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wambuti karibu na Epulu katika miaka ya 1950, aliandika kwamba wao huuita msitu baba na mama, na kwamba mtu mzima anapofariki au mawindo yanapokosekana hawasemi msitu umewachukia, bali kwamba umelala. Wanaume huuamsha kwa kuimba usiku baada ya usiku katika ibada ya molimo, na baragumu ndefu yenye jina hilo hilo huwajibu kutoka gizani, huku chakula kikiwa kimekusanywa kwa kikapu kutoka kila kibanda. Turnbull amelaumiwa kwa kuyapamba maisha ya Wambuti, na lawama hiyo ina haki yake, lakini kikapu kile kina funzo zito kuhusu uponyaji: msiba wa mmoja hugeuka kazi ya kambi nzima, wala hakuna anayeachwa aende msituni kujitafutia faraja peke yake. Inauma kwamba hata huko utulivu umevunjwa. Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kutambuliwa na UNESCO mwaka 1996, ilishambuliwa pale Epulu mwezi wa Juni 2012, watu wakauawa pamoja na okapi waliokuwa wakitunzwa kituoni.

Kwa mkazi wa kambi, basi, maumbile yanayofaa ni yale yaliyo hatua chache kutoka mlangoni. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, ubavuni hutobolewa matundu, na kila tundu hupandwa mche; mbegu za lengalenga, ambazo ni ndogo kiasi cha kuponyoka vidoleni, huchanganywa kwanza na mchanga ili zisirundikane kitaluni, na baada ya wiki tatu au nne majani huanza kuchumwa kwa ajili ya mboga. Maji yaliyotumika kuoshea mboga hufaa kumwagilia. Kazi hiyo huipa siku ratiba, huishughulisha mikono wakati fikra zinapozunguka palepale, na huwakutanisha majirani wanaoombana mbegu, mara nyingine watu wa jamii ambazo vita vilizitenganisha.

Bustani haimtibu anayetaka kujiua, asiyelala wala kula kwa wiki nyingi, au anayesikia sauti zisizokuwepo. Huyo apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, na mboga zake zimwagiliwe na jirani. Kizuizi kikubwa zaidi kwa wengine ni ardhi, kwa sababu mkimbizi hupanda mahali pa kuazima ambapo anaweza kuondolewa kabla ya kuvuna. Parokia, shule na hospitali za Bunia zenye viwanja vipana zinaweza kuwatengea vipande kwa msimu mzima, kwa makubaliano yaliyoandikwa, na kupanda miti ya kivuli pale ambapo wagonjwa na jamaa zao hungoja juani.