Ukambani, Nchi ya Kupitia

Mtito Andei, mji wa kaunti ya Makueni, iko karibu katikati ya safari ya Nairobi na Mombasa, na kwa miaka mingi hilo pekee lilitosha kuwalisha wenyeji. Basi likisimama, chai, nyama choma na vyondo vilipata wanunuzi. Treni ya Madaraka ilipoanza mwaka 2017, abiria wengi wakawa wanakula ndani ya behewa. Miaka miwili baadaye serikali ikaagiza makontena yabebwe kwa reli, na wenye vibanda, gesti na gereji wakalia njaa. Agizo liliondolewa mwaka 2022, malori yakarudi. Lakini dereva wa lori si mtalii: hapandi milima ya Chyulu.

Kuilaumu reli ni rahisi mno. Utalii wa Makueni haukuwahi kuwa wa Makueni. Ulikuwa wa watu waendao Tsavo, Amboseli au pwani, waliohitaji choo na soda. Chyulu ina pango la lava lenye urefu wa zaidi ya kilomita 11, na wasafiri wengi hupita chini yake bila kujua. Kituo ambacho hakijayumba ni hekalu la Masingasinga pale Makindu, la mwaka 1926, linalomlisha kila msafiri bure. Ajabu ya biashara, hiyo.

Na wanyama je? Kati ya 1944 na 1946 serikali ya kikoloni ilimtuma mwindaji J. A. Hunter kuwaondoa vifaru Makueni, ili Wakamba waliobanwa kwenye ardhi iliyochoka wapate pa kulima. Aliua 996. Watu walihitaji mashamba, sibishi, na kifaru hakai na mahindi. Ila leo kumbukumbu inayoonekana barabarani ni ya mwindaji: Hunter's Lodge, pale Kiboko.

Kitui haina hata reli ya kulaumu. Jiwe la Nzambani, ambalo masimulizi husema ukilizunguka mara saba unageuka jinsia, linajulikana kwa wanafunzi wa ziara kuliko kwa wageni wa kulala. Mbuga ya Kitui Kusini inapakana na Tsavo Mashariki, pori ni lilelile, lakini magari ya watalii huishia Tsavo. Kaskazini, mbuga ya Mwingi iko jirani na Kora, alikouawa mlezi wa simba George Adamson na majambazi mwaka 1989; hofu ya miaka ile ilitanda hadi Mwingi.

Sasa lami ya kutoka Kibwezi inafika Kitui kupitia Ikutha na Mutomo. Nia yake kubwa ni kuiunganisha bandari ya Mombasa na Ethiopia bila kugusa Nairobi, yaani malori tena. Watalii hawatavutwa na lami pekee: mbuga za aina ya Kitui Kusini kisheria ziko chini ya kaunti, kwa hiyo barabara za ndani, lango na kambi ya wageni ni deni la bajeti ya Kitui, si la serikali kuu.