Wafanyakazi Wasioonekana Katika Mashimo ya Zamani



Vikundi kadhaa vimetuuliza: pahali palipochimbwa mawe au mchanga patapona lini? Wengine wameshapanda mahindi pale, yakatoka manjano, wakakata tamaa. Kabla ya kutupa jembe, tuelewe kwanza ni nini kilichopotea.

Udongo si vumbi tu. Ndani ya kiganja kimoja cha udongo mzuri mna wanyama wadogo wengi ajabu: minyoo isiyoonekana kwa macho, utitiri, na vijidudu vinavyorukaruka chini ya majani. Hao hukatakata majani na kula bakteria na ukungu, na hivyo chakula cha mmea kinarudi ardhini. Ukiondoa udongo wa juu, umewafukuza wafanyakazi wote.

Je, wanarudi? Ndiyo, lakini kwa zamu. Wa kwanza huletwa na upepo, maji ya mvua, na miguu ya ndege na mifugo. Minyoo midogo inayokula bakteria hutangulia, maana inazaana upesi. Majani yakirundikana na ukungu ukiota, walao ukungu wanafuata. Wanaowinda wenzao huja nyuma, kwa sababu lazima wakute cha kuwinda. Utitiri wengine huzaana polepole na hawaendi mbali. Hao huchukua miaka mingi.

Mfano uko hapa Kenya, Bamburi karibu na Mombasa. Kiwanda cha simiti kilianza kuchimba mawe ya matumbawe mwaka 1954, kikaacha jangwa jeupe. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kujaribu miti ya aina 26. Aina 3 tu ndizo zilizoshika, na mvinje ukawa mbele. Lakini majani yake yalianguka yakakaa tu, hayaozi. Kumbe jongoo anayala! Haller akaleta jongoo wengi, kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria na vijidudu, na udongo mweusi ukaanza kujengeka. Leo pale ni msitu.

Basi kikundi kifanye nini?

1. Tangulizeni miti migumu inayorutubisha udongo, si mahindi.
2. Msichome majani wala kuyafagia. Hiyo ndiyo nyumba yao na chakula chao.
3. Chukueni debe la udongo chini ya miti mizee ya jirani, mtawanye kivulini. Msichukue kwenye shamba lenye ugonjwa.
4. Msilimelime. Kila jembe hubomoa walichojenga.

Onyo: palipochimbwa dhahabu kwa kutumia zebaki, kama sehemu za Migori, vijidudu haviwezi kuimaliza sumu hiyo. Msipande chakula pale kabla udongo haujapimwa. Mwoneni afisa wa kilimo.

Mvua ikinyesha, funueni majani mtazame. Mkiona nyuzi nyeupe za ukungu na vidoa vidogo vinavyoruka, jueni kazi imeanza. Waacheni waendelee.