Nati moja ya klachi yaweza kuua injini ya pikipiki

KATIKA Unyamwezi, ambako karne ya 19 mizigo ya misafara ilibebwa na wapagazi, leo gunia la mpunga wa Lusu, wilayani Nzega, mkoani Tabora, hutoka shambani kwa pikipiki. Usalama wa chombo hicho hutegemea hata nati moja.

Katika pikipiki nyingi, nati hiyo huibana klachi kwenye shafti ya giaboksi. Ikilegea, klachi hucheza, meno ya gia husagika na chembe za chuma huingia kwenye oili. Kwa kuwa oili hiyo hiyo hulainisha injini na giaboksi, chembe hizo husambaa hadi kwenye beringi na pampu ya oili.

Dalili zake ni mlio wa kugonga upande wa klachi, gia kuwa ngumu kuingia na oili yenye vumbi la chuma linalong'aa.

Klachi ikifunguliwa, mwenye pikipiki adai washa mpya, na nati ikazwe kwa spana yake, si kwa tindo na nyundo. Gharama yake ni ndogo kuliko kufumua injini. Tena pikipiki ikilala wakati wa mavuno, mpunga hubaki shambani na mnunuzi ndiye anayepanga bei.