Kwa nini kamera huchelewa kulenga jioni

WAPIGA picha za harusi vijijini, kama Nyarero wilayani Tarime, mkoani Mara, hawana muda mrefu jioni, kwa kuwa karibu na Ikweta giza huingia upesi. Kamera ikichelewa kulenga, bibi harusi huwa ameshapita.

Chanzo si mwanga hafifu pekee. Kamera zenye kioo ndani hulenga kwa kutafuta mistari inayotenganisha weusi na weupe. Katika nyingi, kihisi cha katikati husoma mistari ya wima na ya mlalo, ilhali baadhi ya vile vya pembeni husoma ya aina moja tu. Kamera inaposimamishwa wima, uso huangukia kihisi cha pembeni, nacho, kikiwa kimegeuka, huweza kuukosa mstari kilichouona awali.

Dawa ni kuchagua kihisi cha katikati, kukielekeza kwenye jicho au ukosi wa shati, kubonyeza kitufe nusu, kisha kupanga picha upya na kupiga. Giza likizidi, tochi imulike usoni hadi kamera ilenge.

Hayo yajaribiwe kwanza, kabla ya kutafuta fedha za kamera mpya.