Kope kulegea si suala la urembo pekee: Lini kisu cha daktari huwa tiba?

WENGI wanaposikia kuhusu upasuaji wa plastiki machoni, huwazia matajiri wanaotaka kuondoa mikunjo ya uzee. Hata hivyo, kwa mkazi wa Machakos, upasuaji huo huenda ukawa ndio njia ya pekee ya kunusuru uwezo wake wa kuona.

Historia yenyewe inathibitisha hayo. Shirika la AMREF, maarufu kwa madaktari wake warukao kwa ndege, lilianzishwa mwaka wa 1957 na wapasuaji watatu wa plastiki: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. McIndoe alikuwa amejipatia sifa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kuwajengea kope mpya marubani walioungua nyuso. Kazi yao ilikuwa kurejesha kilichoharibika, wala si kupamba.

Ukope ni kifuniko cha jicho. Kila unapopepesa, husambaza machozi na kufuta vumbi kwenye kioo cha jicho. Ukishindwa kufunga, kioo hicho hukauka na kupata vidonda. Ukishindwa kufunguka, mwanga hauingii.

Kulegea kwa ukope

Hali inayojulikana sana ni kulegea kwa ukope wa juu. Kwa watu wazima, aghalabu mshipi wa msuli unaoinua ukope huwa umenyooka kupita kiasi kwa sababu ya umri. Daktari huukaza kupitia mkato mdogo kwenye mkunjo wa ukope, mgonjwa akiwa amepigwa ganzi tu.

Kwa mtoto, jambo hili halifai kusubiri. Akizaliwa na ukope uliofunika mboni, ubongo haujifunzi kuona kwa jicho hilo, na hasara hiyo huwa vigumu kurekebishwa baada ya miaka ya mwanzo ya utotoni. Iwapo msuli ni dhaifu mno, daktari huufunga ukope kwenye msuli wa paji la uso, wakati mwingine kwa kutumia utando uliotolewa kwenye paja la mtoto mwenyewe.

Ukope ukilegea kwa ghafla, hasa pamoja na maumivu makali ya kichwa, kuona vitu viwili viwili au mboni kupanuka, hiyo ni dharura. Chanzo chaweza kuwa mshipa wa damu uliovimba kwenye ubongo, na mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja.

Kope zinazogeuka

Kope pia hugeukia ndani, nywele zake zikawa zinakwaruza kioo cha jicho. Miongoni mwa visababishi ni trakoma, maradhi ambayo yamewasumbua wengi katika maeneo makavu ya wafugaji, ikiwemo kaunti jirani ya Kajiado. Kung'oa nywele hizo kwa kibanio huleta nafuu ya muda tu, kwani huota tena. Tiba ya kudumu zaidi ni upasuaji wa kuugeuza ukingo wa ukope utazame nje.

Kwa wengine ukope wa chini hugeukia nje, machozi yakamiminika shavuni. Hali hii huletwa na uzee, makovu ya moto au kupooza kwa uso.

Uvimbe usiopona

Si kila uvimbe ni chokea. Chokea huuma na hupungua kwa kukandwa na kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Uvimbe usiopona kwa majuma kadhaa, unaotoa damu au unaong'oa nywele za kope unapaswa kukatwa na kupelekwa maabara.

Afrika Mashariki ina tatizo la saratani inayoota juu ya weupe wa jicho, ambayo huhusishwa na miale ya jua na virusi vya HIV. Mwanzoni hufanana na kinyama cha kawaida, hivyo wagonjwa wengi huchelewa, na baadhi hulazimika kuondolewa jicho zima.

Habari njema ni kwamba utafiti uliofanyiwa katika vituo vinne nchini Kenya, ukiongozwa na Dkt Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kuchapishwa mwaka wa 2016, ulionyesha tofauti kubwa. Miongoni mwa waliotumia matone ya dawa ya fluorourasili kwa majuma manne baada ya upasuaji, saratani ilirudi kwa asilimia 11 katika muda wa mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 36 ya wale waliopewa matone yasiyo na dawa.

Urembo na hatari zake

Wapo pia wanaotaka kupunguza ngozi iliyoning'inia au mifuko ya mafuta chini ya macho. Hilo si kosa. Nyuzi hutolewa baada ya siku tano hadi saba, na uvimbe hupungua katika wiki mbili hivi. Lakini ngozi ikikatwa kupita kiasi, jicho halitafunga, na mara chache sana damu huvuja nyuma ya jicho na kuleta upofu.

Mgonjwa aseme mapema iwapo ana kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya tezi ya shingo au anatumia aspirini. Pia ahakikishe kuwa daktari wake amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC.

Mkazi wa Mwala au Masinga hana haja ya kukimbilia Nairobi moja kwa moja. Anaweza kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Machakos Level 5, na akihitaji mtaalamu zaidi atapewa rufaa, kwa mfano hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu.

Linalopaswa kuepukwa ni kutia jichoni maji ya mimea, maziwa ya mama au matone yenye steroidi yaliyonunuliwa bila cheti cha daktari. Matone hayo hupunguza wekundu kwa siku chache, lakini yakitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuleta mtoto wa jicho na presha ya macho, ambayo huiba nuru kimya kimya.