Ulimwokoa paka mtaani, sasa usimuue kwa sahani

UNAKUMBUKA siku ulipomleta nyumbani? Alikuwa mifupa na manyoya tu. Labda ulimtoa nyuma ya kibanda cha chipsi, ama ulimchukua katika kituo cha KSPCA kule Karen, ukapanda naye matatu akilia ndani ya katoni uliyoitoboa mashimo. Alikuwa paka mzima lakini hakufika hata kilo tatu. Ukamwita Pilau. Ukaapa: huyu hatalala njaa tena.

Na kweli hajalala njaa. Mwaka mmoja baadaye Pilau ana kilo 6. Kuruka hadi dirishani ni shida, na mgongo wake hawezi kuulamba akaufikia. Marafiki wakija kejani wanakuuliza, "Aki huyu ni paka ama ni mtungi wa gesi?" Mnacheka, mnampiga picha, halafu unamwongezea kidogo kwa sababu amekuangalia na yale macho.

Hebu tuongee ukweli. Paka mnene yuko katika hatari kubwa ya kupata kisukari na maumivu ya viungo. Akipata kisukari, wengi wao hudungwa insulini mara mbili kwa siku. Fikiria hiyo bajeti, na kodi ya nyumba bado inakungoja.

Mbona ananenepa hivi?

Kwanza, hajasahau mtaa. Huko alijifunza kwamba chakula kikionekana ni kula chote, haraka, kabla mwingine hajafika. Ukimwachia sahani ikiwa imejaa kutwa nzima, ataimaliza hata kama ameshiba.

Pili, amefungwa uzazi. Hilo ni jambo zuri, usiliache. Lakini baada ya upasuaji huo, mwili huhitaji nguvu kidogo zaidi, pungufu ya asilimia 20 hadi 30 hivi, huku hamu ya kula ikipanda. Wewe unaendelea kupima kwa kipimo kile kile cha zamani.

Tatu, analishwa na kila mtu. Wewe saa kumi na mbili asubuhi, mwenzako wa chumba saa tatu, na jirani naye jioni anapitisha ngozi ya kuku. Pilau hawezi kuwaambia kwamba ameshakula. Kwanza atawadanganya wote watatu.

Jua hesabu yako

Paka wa kilo 4 anayekaa ndani anahitaji takriban kalori 200 kwa siku. Vyakula vingi vikavu vya paka vina kalori 350 hadi 400 katika kila gramu 100. Yaani siku nzima anatosheka na gramu 50 hadi 60 hivi. Soma pakiti yako, kisha upime kwa mizani ndogo ya jikoni, si kwa macho wala kwa kikombe. Gramu 10 za ziada zinaonekana kama si kitu, lakini kwake ni karibu moja ya tano ya mlo wa siku.

Pima chakula cha siku nzima asubuhi, ukiweke kwenye mkebe mmoja. Anayetaka kumlisha achukue humo. Mkebe ukiisha, imeisha. Hata vile vitamutamu vya kumbembeleza visizidi asilimia 10 ya kalori zake.

Na chakula cha jikoni je? Paka ni mla nyama kwa maumbile. Ugali na mchuzi haumjengi. Anahitaji taurini, ambayo hupatikana kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Omena si mbaya kama nyongeza, mradi umezichemsha bila chumvi, na zisiwe ndiyo mlo wake wa kila siku. Vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwake, kwa hivyo mabaki ya mchuzi wako yakae mbali. Mifupa iliyopikwa inaweza kumtoboa matumbo. Maziwa nayo huharisha paka wengi wakubwa. Mpe maji safi.

Kosa linaloweza kumuua

Hapa ndipo usome polepole. Ukishaona Pilau amenenepa, usije ukasema, "Basi, wiki hii hali." Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulilemea. Ugonjwa huo huua. Paka wako akikataa chakula siku nzima, usingoje wikendi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Njia salama ni ya taratibu. Apunguze kati ya asilimia 0.5 na 1 ya uzani wake kwa wiki. Kwa paka wa kilo 6, hiyo ni gramu 30 hadi 60 tu, kwa hivyo kufika kilo 5 kutachukua kati ya miezi minne na minane. Mwombe daktari akupangie kiasi cha kuanzia na ampime kwenye mizani ya kliniki kila mwezi. Ukibadilisha aina ya chakula, changanya cha zamani na kipya kwa siku 7 hadi 10.

Kama wako ndio kwanza ametoka mtaani na amekonda sana, usimjaze kwa pupa. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya damu huvurugika na anaweza kuugua vibaya. Mpe kidogo kidogo, mara nne au zaidi kwa siku, na umpe dawa ya minyoo kulingana na ushauri wa daktari.

Huna mizani? Tumia mkono. Kunja ngumi upapase vifundo: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha kiganja upapase mgongo wake: zikiwa hivyo, yuko sawa. Papasa upande wa ndani, penye nyama: kama mbavu zimezama namna hiyo, amezidi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la Pilau ni kamba na karatasi iliyofinyangwa. Mchezeshe dakika kumi kabla ya kila mlo, akimbie, aruke, awinde. Kibonge, rusha punje za chakula chake sakafuni azifuate moja moja.

Leo usiku atakuja tena na yale macho. Usiende kwenye mkebe. Chukua kamba.