Mmea Katika Kopo

Mwembe ulioko shambani ukikosa maji, mizizi yake huendelea kwenda chini na pembeni mpaka iyapate. Mmea uliopandwa katika kopo au chungu hauwezi kufanya hivyo. Umefungiwa, na kila unachokipata hutoka mkononi mwako. Mimea mingi ya namna hii hufa. Na aghalabu haifi kwa njaa wala kwa kiu, bali kwa kupewa mno.

Bila shaka unajua kwamba mizizi hunywa maji. Je, unajua kwamba huhitaji hewa pia? Chukua makopo mawili yaliyo sawa. Toboa matundu matano katika kitako cha kopo la kwanza. La pili usilitoboe. Tia udongo wa aina moja katika yote mawili, panda mche wa mchicha katika kila kopo, kisha umwagilie kikombe kimoja cha maji kila siku. Baada ya majuma matatu ing'oe miche yote miwili, uitazame mizizi. Katika kopo lisilo na matundu maji yamejaza nafasi zote za hewa, na kwa kawaida utaona mizizi ya rangi ya kahawia, laini, yenye harufu mbaya. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa. Kwa hiyo mmea hunyauka ingawa umesimama ndani ya maji, na mtu asiyejua huuongezea maji mengine!

Udongo wa mfinyanzi peke yake huzuia hewa, na mchanga peke yake hukauka upesi. Changanya makopo mawili ya udongo mweusi, kopo moja la mchanga na kopo moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Sasa tuangalie maji yenyewe. Maji ya ndimu yana asidi. Maji ya majivu au ya magadi yana alkali. Wataalamu hupima hali hiyo kwa kipimo kiitwacho pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Katika 7 hakuna asidi wala alkali iliyozidi. Chini ya 7 ni asidi, na juu yake ni alkali. Mboga nyingi hustawi katika udongo wenye pH ya 6 hadi 7, lakini chai hupenda asidi zaidi. Maji ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, yana magadi mengi na pH yake huzidi 9. Mchicha haungeweza kuishi kwa maji hayo.

Loweka maua mekundu ya haibiskasi katika maji ya moto, kisha uyachuje. Gawa maji hayo katika vikombe viwili. Kimoja kitie ndimu, cha pili kitie magadi. Utaona wekundu katika cha kwanza, na rangi ya kijani katika cha pili. Tofauti ndogo ndogo za udongo hazionekani kwa njia hii. Hizo hupimwa kwa vifaa maalumu.

Alkali ikizidi, madini ya chuma hubaki udongoni bila kuyeyuka, na mizizi haiyapati. Majani machanga hugeuka manjano, lakini mishipa yake hubaki kijani. Ukitia majivu hapo unazidisha ugonjwa. Afadhali umwagilie maji ya mvua. Mmea uliokosa naitrojeni hugeuka manjano pia, ila huanza na majani ya zamani, yale ya chini. Huo ndio unaohitaji mbolea.

Hata hivyo, usizidishe mbolea ya chumvichumvi. Kata kipande cha kiazi, ukinyunyizie chumvi, ungoje nusu saa. Maji yametoka wapi? Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kiazi, na mbolea iliyozidi huivuta mizizi vivyo hivyo. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo wa kopo, ukwangue, kisha umwage maji safi mengi mpaka yatoke kwa wingi kupitia matundu. Usitie mbolea tena mpaka majani mapya yachipue.